Mtoto asiyelifikia sanduku

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika shule ya msingi ya serikali huku Mbagala. Watoto ni wengi, tunasomesha kwa zamu mbili. Mwalimu mkuu amenipa kazi ya kuandika utaratibu wa usalama wa watoto. Tumeshatundika sanduku la siri mlangoni kwa mwalimu mkuu, mtoto aandike shida yake na kuitumbukiza humo, na tumekubaliana kwamba sheria ziwe zilezile kwa kila mtoto. Ila tuna watoto wawili viziwi, mmoja mwenye ualbino, mmoja mwenye ulemavu wa akili, na binti wa darasa la saba aliyerudi baada ya kujifungua. Nilipopendekeza wawekewe mipango yao, mwenzangu mmoja akasema, "Watoto wote ni sawa, tusianze kubagua." Nilikosa la kumjibu. Je, yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Mwenzako hana nia mbaya, lakini amekosea, na jibu ulilolikosa kikaoni limetundikwa ukutani mwenu. Ni hilohilo sanduku.

Nenda ukasimame mbele yake saa ya mapumziko, ujiulize ni nani kati ya watoto wenu anaweza kulitumia. Wa darasa la kwanza hajui kuandika. Wa darasa la pili anaandika jina lake na la mama yake, basi. Mtoto kiziwi mara nyingi Kiswahili cha kuandika kinampa tabu, maana hajawahi kukisikia. Lugha yake ni ya alama, nayo ina sarufi yake. Mwenye ulemavu wa akili pengine hajui kwamba lile alilofanyiwa ndilo linalotakiwa kuandikwa na kutumbukizwa pale. Wa zamu ya mchana akitoka anakuta ofisi imefungwa. Na yule wa darasa la sita anayeandika vizuri anajua fika kwamba mwalimu wake wa darasa anaufahamu mwandiko wake kuliko mama yake mzazi. Ukishawatoa wote hao, wamebaki wangapi? Wamebaki wale ambao wangesema hata kama sanduku lisingekuwepo.

Nilifanya kazi ya ustawi wa jamii katika jiji hili miaka mingi kabla sijastaafu. Shule moja, siitaji, ilinionyesha kwa fahari daftari la sanduku lao. Mwaka mzima: uji hauna sukari, mpira umeibiwa, choo kinanuka. Mwalimu mkuu akaniambia, "Unaona mama, hapa hatuna matatizo." Haikupita miezi mingi tukaletewa habari ya mtoto asiyeweza kusema, aliyekuwa akiharibiwa na mtu mzima ambaye kazi yake ilikuwa kumsindikiza chooni. Dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Mtoto alikuwa anagoma kunywa maji asubuhi, na ukitaka kumnyanyua kwenye dawati saa nne analia. Kwenye ripoti yake ya muhula wameandika: "Ana ukaidi kutokana na ulemavu wake." Sentensi hiyo nimeibeba mpaka leo.

Kwa hiyo kwenye kikao kijacho mwambie mwenzako hivi: sheria kweli ni moja. Hakuna mtoto anayeruhusiwa kuumizwa, hakuna mtu mzima anayesamehewa. Lakini njia ya kuifikia sheria hiyo haiwezi kuwa moja, kwa sababu watoto hawaanzii mahali pamoja. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa jinsia, lugha, ulemavu, hali ya afya, hali ya maisha ya nyumbani na mengine kadhaa. Shule yenye mlango mmoja tu wa kusemea, ambao kiziwi hawezi kupita, imeshambagua. Anayewawekea mlango wa pili anaondoa ubaguzi uliokwisha kuwepo. Mwenzako ameona mlango wa pili akadhani ndio ubaguzi.

Sasa tuje kwa watoto wenyewe.

Nianze na viziwi, maana hao nadhani ndio utakaohangaika nao zaidi. Kuna mtu mzima hata mmoja hapo shuleni anayejua Lugha ya Alama ya Tanzania? Kama hakuna, basi siku wakiguswa vibaya hawana pa kusemea, na nyumbani vilevile, kwa sababu wazazi wengi wanaosikia huishia kwenye ishara za chakula, kulala na kuoga. Anza wewe kujifunza. Dar es Salaam mna bahati: Shule ya Msingi Buguruni Viziwi iko hukohuko mjini na walimu wake wanaishi na lugha hii kila siku. Omba kupitia kwa afisa elimu ukakae nao siku kadhaa. Cha kwanza waombe wakufundishe alama za sehemu za mwili, zote, bila aibu, pamoja na "amenigusa", "sitaki", "inauma", "siri", "nani". Kisha uwafundishe watoto wako wawili, na marafiki wawili watatu wanaokaa nao. Mtoto asiye na neno la kutaja sehemu zake za siri hawezi kukueleza kilichompata, awe anasikia au hasikii. Tofauti ni kwamba huyu hata kuliokota neno hilo mtaani hawezi.

Watu wataanza kukuambia, "Wapelekeni tu Buguruni." Huenda ndiko watakakosoma vizuri zaidi, na mzazi akitaka mumsaidie. Lakini isiwe njia ya kutua mzigo. Leo wako kwenu, na usalama wao wa leo ni wenu.

Jambo dogo ambalo shule nyingi hulisahau: kengele. Moto ukiwaka, au transfoma ya nje ya geti ikilipuka, kengele haiwahusu viziwi. Weka bendera nyekundu itakayopeperushwa mlangoni mwa kila darasa, na mtu mzima aliyetajwa kwa jina wa kuhakikisha wametoka. Mwanafunzi mwenzao aongezwe, asiachiwe peke yake jukumu hilo. Na wasipigwe kwa kutokusikia. Nasema hivyo kwa kuwa nimeona. Kanuni za adhabu ya viboko mnazijua: visizidi vinne, atoe mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, viandikwe kwenye kitabu, na msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa hayupo. Mimi binafsi fimbo ningeitupa yote. Ila hata anayeitetea, hana pa kujificha anapomchapa mtoto kwa "kiburi" cha kutoitika jina ambalo hakulisikia.

Mwenye ualbino ana hatari mbili, na watu huiona moja. Ile ya kutisha, ya watu wenye imani potofu, ndiyo inayotangazwa, na nchi hii imezika watoto kwa sababu yake. Kwa hiyo asitembee peke yake, na mjue kwa majina nani anamchukua na nani anamleta. Akitokea mjomba mgeni getini, hatoki mtu mpaka mzazi apigiwe. Lakini hatari inayomla kila siku ni jua. Na hapa zamu mbili zinambana: wa asubuhi anatoka saa sita, wa mchana anakuja saa sita, yaani popote mtakapomweka jua la utosi litamkuta njiani. Mpangie zamu ya asubuhi, halafu abaki shuleni kivulini akifanya kazi zake mpaka jua lipungue, awepo mtu wa kumwangalia. Aruhusiwe kofia pana na mikono mirefu hata kama sare ya shule hairuhusu. Mzazi aulize hospitalini juu ya losheni ya kukinga jua. Kilisun hutengenezwa hapahapa nchini, pale KCMC Moshi. Darasani akae mbele, maana wengi wao macho yao hayaoni mbali, na asiyeona ubaoni hamwoni pia anayemjongelea uwanjani.

Kuhusu mwenye ulemavu wa akili, nimeshakusimulia kisa kile. Kinachotakiwa ni kwamba asiachwe mikononi mwa mtu mmoja. Wanaomsindikiza chooni wawe wawili wanaojulikana, wa jinsia yake, na wewe upite bila taarifa. Na tabia yake ikibadilika ghafla, amekataa kula, ameanza tena kujikojolea, anamkimbia mtu fulani, usiandike kwamba ni "ulemavu". Andika tarehe, andika alichofanya, andika nani alikuwepo. Baada ya wiki mbili daftari litaanza kusema lenyewe.

Vyoo kwa jumla vikague. Mwongozo wetu ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na sitegemei Mbagala mmefika huko. Lakini makomeo ya ndani hayahitaji kibali cha wizara. Fundi wa mtaani atayafunga yote asubuhi moja.

Binti wa darasa la saba. Mmempokea, mmefanya vema, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021, unaoruhusu waliokatiza masomo warudi shule, uko upande wake. Ila nina swali moja ambalo shule nyingi hazijiulizi: aliyempa mimba yuko wapi? Huyu ni mtoto. Tangu marekebisho ya 2016, Sheria ya Elimu inampa kifungo cha miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba. Na bado mara nyingi unakuta mambo "yameshamalizwa kifamilia": kikao kimekaliwa, fedha imetolewa, mkosaji anauza duka nyumba ya tatu, na binti anapita mbele ya duka hilo asubuhi na jioni akija kwenu. Kama ndivyo, hajarudi shule salama. Zungumza naye mkiwa wawili, usimlazimishe, kisha mhusishe afisa ustawi wa jamii wa kata au wa manispaa. Na uzungumze na walimu wa darasa juu ya ulimi wao. "Mama fulani" ikitamkwa na mwalimu mara moja kwa utani, darasa zima litaitamka mpaka Septemba, siku ya mtihani.

Hao ndio ulionitajia. Niruhusu nikutajie wengine ambao hukuwaandika, maana hawana alama usoni.

Wavulana. Utafiti wa taifa wa 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Nusu hivi ya wasichana hao hawakumwambia yeyote. Wavulana ambao hawakusema walikuwa theluthi mbili. Maana yake, ukingoja waje wenyewe utawangoja sana. Kijana wa miaka kumi na miwili akilawitiwa huogopa kuitwa jina kuliko anavyoogopa maumivu. Katika mafunzo yenu ya usalama msiseme "wasichana jihadharini". Semeni watoto. Na awepo mwalimu wa kiume anayesikilizika.

Wanaotoka mbali. Mtoto wa zamu ya asubuhi aliyeko ndanindani huko anaondoka nyumbani saa kumi na moja, giza bado. Anapita mapagale, anapita vichochoro, na kama ni wa daladala anasukumwa na konda anayetaka nauli ya mkubwa. Hapo ndipo bodaboda anapojitokeza na lifti ya bure, na lifti hiyo inalipwa baadaye. Msiwape viboko vya kuchelewa watoto hawa; mtoto anayeogopa fimbo ya saa moja ndiye anayeipanda hiyo bodaboda. Wapangeni kwa mtaa, watembee kundi, wakubwa na wadogo, na mwombeni mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wazazi wawili watatu wasimame kwenye zile sehemu mbaya. Zipi mbaya? Wape watoto karatasi wachore njia ya nyumbani mpaka shule, na wapake rangi nyekundu wanapoogopa. Utashangaa. Walimu hudhani ni barabara kubwa ya Kilwa, watoto wanaonyesha banda la pool.

Barabara nayo ipo, sikatai. Hilo lina dawa inayojulikana: matuta, njia ya miguu, kivuko, geti lisilofunguka moja kwa moja kwenye lami. Amend, shirika la usalama barabarani, lilipata tuzo ya miji ya WRI Ross mwaka 2019 kwa kazi ya aina hiyo kuzunguka shule, na Dar es Salaam ilikuwa kitovu chake. Kamati ya shule iandike barua kwa manispaa au TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Msiigeuze kuwa kazi yako wewe.

Halafu kuna wasio na kitu. Elimu ni bila malipo tangu 2016, lakini michango midogomidogo haikosekani, na kuna walimu wanaomrudisha mtoto nyumbani saa tatu kwa sababu ya mchango au kiatu. Hebu fikiri: mama yuko Kariakoo anauza, nyumba imefungwa, mtoto wa miaka tisa yuko mtaani peke yake mpaka jioni, na kila mtu mwenye nia mbaya anajua kwamba hakuna anayemtafuta. Andika katika utaratibu wako, kwa herufi kubwa kama mwalimu mkuu ataruhusu: hakuna mtoto atakayetolewa shuleni katikati ya siku kwa sababu ya fedha au sare.

Masika ni hivyohivyo. Mvua kubwa ikianza, desturi yetu ni kuwaachia mapema "wawahi nyumbani". Kwa anayekaa nyuma ya shule, sawa. Kwa wale wanaovuka mabonde ya Mzinga na Kizinga, mmemtuma mtoto kwenye maji yanayopanda. Kaa na orodha ya wanaovuka, na hao wasiondoke mpaka achukuliwe na mtu wake.

Tukirudi kwenye kusema: kando ya sanduku, waachie watoto wachague. Kila mtoto akuambie kwa siri, kwa neno, kwa mchoro au kwa kidole, ni mtu mzima gani hapo shuleni angemwendea akiwa na shida. Usishangae walimu wakikosa kura na mama wa uji akapata nyingi. Huyo mama ndiye wa kumfundisha basi. Mfundishe asiahidi kutunza siri, asimhoji mtoto kama polisi, asimwite mtuhumiwa waelewane, akuletee wewe siku hiyohiyo. Mtoto ambaye hakumtaja mtu yeyote, jina lake liandike pembeni. Huyo nenda naye polepole.

Taarifa ikija, andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, pamoja na alama alizotumia. Kama amebakwa au kulawitiwa, msimwogeshe, nguo zihifadhiwe kwenye karatasi au bahasha, siyo mfuko wa plastiki, na afike hospitali haraka: dawa ya kuzuia VVU ina mwisho wa saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Hospitali zenye kituo cha mkono kwa mkono, kama Amana, zinamkutanisha mtoto na daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, asirudie kisa chake kwenye meza tano. Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, na hata wewe mwalimu unaweza kupiga kwa niaba ya mtoto, jambo la lazima kwa kiziwi.

Na mtu asikutishe kwamba "huyu ni bubu, kesi haitasimama" au "huyu ni mdogo mno". Sheria yetu ya Ushahidi inamruhusu asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa maandishi au kwa ishara. Na tangu 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Kesi nyingi nilizoziona zikifa zilifia nyumbani, kwenye kikao cha wajomba, kabla hazijafika mahakamani.

Jambo la mwisho la kazi yako: hii mipango ya mtoto mmojammoja isibandikwe ukutani wala kusomwa mstarini. Daftari likae kwenye droo yenye kufuli. Mwalimu wa darasa ajue kinachomhusu, mlinzi wa geti ajue nani anamchukua nani, na kila mmoja aishie hapo. Mtoto anayesikia habari zake zikitangazwa mbele ya shule nzima hatarudi kukuambia kitu tena, na wenzake mia moja waliosimama pale wamejifunza somo hilohilo.

Sanduku msiling'oe. Lihamisheni tu kutoka mlangoni kwa mwalimu mkuu, mlipeleke ukutani nyuma ya darasa la awali ambako watoto hupita bila kuonekana, na ufunguo mshike wawili. Wale wa darasa la sita watalihitaji.